Bango Lililogeukia Ukuta

Kilichomuudhi Fundi Herufi asubuhi ile si kwamba ukuta wake ulikuwa unatiwa alama nyekundu. Kilichomuudhi ni namna alama yenyewe ilivyokuwa ikitiwa. Wafanyakazi wawili wa halmashauri walikuwa wamefika na kopo la rangi, na yule mwenye brashi alikuwa akiandika namba nne huku rangi ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na mguu wa namba hiyo ukienda kombo kama wa mlevi.

"Hiyo ni brashi ya kupakia milango rangi," Fundi alimwambia. "Haiandikiwi namba. Halafu umechovya mno. Ipanguse kwanza kwenye mdomo wa kopo."

"Mzee, hapa hatushindani mwandiko."

"Naona. Ungeshika mkia."

Mkewe, Mama Pacha, alitoka ndani na povu la sabuni mikononi. Alitazama ukuta, akamtazama mumewe, akaona kwamba kazi ya kuuliza imebaki kwake kama kawaida. "Baba Pacha, badala ya kumfundisha mtu kazi, si umuulize anachoandika kina maana gani?"

Yule wa pili, aliyebeba mafaili, akatoa barua saba, moja kwa kila nyumba. Nyumba za safu ile zilikuwa saba, zimeshikana kuta, kiasi kwamba mtu wa nyumba ya tatu akipiga chafya wa nyumba ya nne anamwambia pole. Nyuma ya safu hiyo kulikuwa na uwanja mtupu ambao halmashauri ilikuwa imeutenga kwa zahanati. Zahanati hiyo kila mtu aliitaka, na aliyeitaka kuliko wote ni Mama Pacha. Yeye ndiye aliyezunguka na daftari mitaa mitatu, miguu ikavimba, akarudi na saini mia nne na kumi na mbili.

Barua ilisema hivi: ardhi ya nyumba zote saba imebadilishwa matumizi, kutoka makazi kwenda huduma za jamii, ili pawe lango la zahanati, barabara ya kuingilia na maegesho ya magari. Wenye nyumba watalipwa fidia ya majengo kwa hesabu za halmashauri. Muda wa kuweka pingamizi, siku thelathini, ulimalizika Ijumaa iliyopita.

Majirani walishatoka nje. Mama Cherehani wa nyumba ya tano alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja ili aseme vizuri. "Siku thelathini zilianza lini? Nani alituambia?"

"Bango liliwekwa," akasema mwenye mafaili.

"Bango gani?"

"La tangazo. Limekaa hapahapa kwenye safu yenu mwezi mzima. Picha iko ofisini."

"Kwa hiyo nyumba saba zote zina vipofu?"

Babu wa nyumba ya mwisho, ambaye mguu wake mbovu haukuwahi kumzuia kufika penye ugomvi, aliegemea fimbo akasema, "Siku za mwizi arobaini. Sisi wenye nyumba tumepewa thelathini, tena za kisirisiri." Watu wakacheka, maana hapakuwa na la kufanya lingine kwa dakika ile.

Fundi Herufi hakucheka. Aliposikia neno bango, aliwapa mgongo. Aliingia ndani, akapita sebule, akapita jiko, akatokea uani. Mkewe alimfuata bila kuitwa.

*

Pale uani, kati ya pipa la maji na ukuta, kulikuwa na ubao mpana ulioegemezwa, uso wake umegeukia ukuta. Kwa zaidi ya mwezi Mama Pacha alikuwa akianika matambara ya kudekia juu yake. Fundi aliyatoa yote matatu, akaushika ubao kwa pembe mbili, akaugeuza.

TANGAZO, ubao ulisema, kwa herufi nyeusi zilizonyooka, kila moja na kivuli chake chembamba cha buluu.

Hapa inabidi kumtetea kidogo Fundi Herufi, kwa sababu baadaye mtaa mzima ulimwona juha au msaliti, na hakuwa lolote kati ya hayo. Mwalimu wake wa kazi alimfundisha kwamba mwandishi wa mabango asisome anachokiandika. Anayesoma hukosea, alimwambia. Jicho linalosoma hukimbilia mwisho wa mstari na kuuacha mkono nyuma, na mkono ukiachwa nyuma unaruka herufi. Basi karatasi ya mteja waliiweka juu chini mezani, herufi zikabaki vijiti na vipinde tu, wakavinakili kimoja kimoja. Kwa miaka ishirini na sita Fundi aliandika hivyo mabango ya bucha, ya shule, ya vinyozi na ya wauza majeneza, wala hakuwahi kuruka herufi hata moja. Ungemuuliza jioni bango la leo lina A ngapi, angekwambia. Ungemuuliza linasema nini, angecheka.

Mama Pacha alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mistari. "Viwanja namba mia moja na kumi na nne hadi mia moja na ishirini, Kitalu C. Hicho Kitalu C ni wapi?"

"Ni hapa. Namba ya kwetu iko kwenye karatasi za nyumba."

"Mwenye pingamizi awasilishe kwa maandishi ndani ya siku thelathini." Kidole kilirudi juu, kwenye neno TANGAZO. "Mwandiko mzuri," akasema mwishowe.

"Mama Pacha."

"Nasema kweli. Mwandiko mzuri sana. Limefikaje kukaa hapa?"

Akamweleza. Ofisa wa mipango, yule waliyemwita Bwana Ramani kwa sababu hakuonekana bila mrija wa makaratasi kwapani, ndiye aliyeleta kazi. Siku ya tatu alikuja kulitazama. Rangi ilikuwa bado inanata kidogo. Akasema huku uani pana giza, walitoe mbele wapate picha. Wakaliegemeza chini ya dirisha la sebule, Bwana Ramani akapiga picha moja kwa simu, kisha wakalirudisha wote wawili, uso ukutani ili vumbi lisiingie kwenye rangi. Gari la halmashauri lingelifuata Jumatatu, pamoja na nguzo zake. Jumatatu ikapita. Fundi alishalipwa, na kitu ambacho umeshalipwa hukiwazi tena.

"Na mimi nikaanikia matambara," alisema Mama Pacha.

"Hukujua."

"Wewe je, ulijua?"

Fundi aliugeuza ubao tena ukutani, akarudisha matambara juu yake.

*

Ofisini kwa halmashauri alikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu. Mhudumu wa mapokezi alimsukumia daftari la wageni na kumwambia, "Andika kwa kusomeka, mzee, ninyi watu mnaandika kama kuku." Fundi aliandika jina lake na shida yake kwa herufi kubwa zilizopangika, kiasi kwamba waliokuja baada yake walidhani ni kichwa cha ukurasa, wakaandika chini yake.

Saa tano na nusu aliitwa. Bwana Ramani hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoifanya safari ile kuwa ngumu. Alisimama kumpa mkono, akamvutia kiti, akafunga mlango mwenyewe.

"Fundi, nimesikia kuna kelele mtaani kwenu."

"Bango liko kwangu uani, bosi. Halijatoka."

Bwana Ramani alikaa. Alijipangusa uso kwa kiganja. "Wiki ya kwanza gari halikuwa na mafuta. Wiki ya pili dereva alifiwa. Wiki ya tatu, nikwambie ukweli, nilisahau. Nina viwanja mia mbili kwenye meza hii. Siku ya thelathini nakumbuka, nafungua faili, nakuta picha ipo. Nikasema, si picha ipo?" Akaigeuza kompyuta yake. Pale palikuwa na bango, na juu yake dirisha, na kwenye dirisha pazia la maua ambalo Mama Pacha alilishona mwenyewe. "Angalia. Liko kwenye kiwanja kinachohusika. Liko mbele. Linaonekana na umma."

"Kwa dakika mbili."

"Picha haina dakika, Fundi."

Kisha akazungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Fedha ya zahanati ni ya mwaka huu wa bajeti. Mwaka ukiisha ardhi haijakamilika, fedha inarudi ilikotoka, na kurudi tena inaweza kuchukua miaka. Mkeo ndiye aliyezungusha daftari. Muulize kama ana miguu ya kulizungusha tena. Wiki ijayo kamati itakaa, majirani watalalamika, itatakiwa karatasi moja tu ya kufunga mjadala. Akaisukuma mezani. "Na zahanati yenyewe ina milango arobaini na mmoja. Chanjo, Maabara, Mapokezi, Dawa. Kila mlango unataka maandishi, na getini kibao kikubwa. Nani mwingine nitampa kazi hiyo?"

Fundi aliisoma karatasi mara mbili, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Ilisema kwamba yeye, mwandishi wa bango, anathibitisha kuwa bango liliwekwa mahali pa wazi kuanzia tarehe iliyotajwa, kwa siku thelathini mfululizo.

"Saini hapo chini."

"Nikaisome nyumbani."

"Ni Kiswahili tu, mzee wangu."

"Ndiyo maana," alisema Fundi, akaikunja.

*

Aliporudi nyumbani alimkuta Mama Cherehani uani. Alikuwa ameleta kitambaa cheupe cha mita nne, ameshakikunja pindo, na mkewe alikuwa amekishika upande mmoja na uso wa mtu aliyekalia siafu.

"Jirani, tunakwenda kwenye kamati," alisema Mama Cherehani. "Tunataka maneno makubwa, mtu akiwa nyuma kabisa ayaone. Hatukujulishwa. Basi, hilo tu. Mwenye hela na asiye na hela amechangia kitambaa, wewe changia mkono wako."

Alipochoka kusimama aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaegemeza mgongo kwenye ubao. Matambara yalikuwa yamerudishwa mahali pake. Mume na mke walitazamana.

"Hapo patakuchafua nguo," alisema Mama Pacha.

"Nguo gani hii? Ubao mzuri lakini. Mkimaliza kuutumia nipeni, nitengeneze meza ya kukatia."

Fundi alipiga mistari kwa chaki, akachovya brashi. Karatasi hakuwa nayo ya kuigeuza juu chini. Neno lilikuwa moja, na lilikuwa kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake aliandika huku anasoma, na kila herufi ilimchoma. Alipofika kwenye J brashi iliteleza, ikaacha alama ndogo ya rangi ambayo Mama Cherehani hakuiona, au aliiona akanyamaza kwa sababu kazi ilikuwa ya bure.

Jirani alipoondoka na kitambaa chake, Mama Pacha alifunga mlango wa uani kwa komeo.

"Leta hiyo karatasi ya ofisini."

Aliisoma akiwa amesimama. Mwanamke huyu alijifungua pacha wake, ambao sasa wana makwao, kwenye bodi ya lori la mboga, kilomita sita kutoka hospitali ya karibu, na walipona kwa bahati tu. Wa tatu alizaliwa kwenye barabara hiyohiyo miaka minne baadaye, hakulia. Hakuwahi kuisimulia habari hiyo alipokuwa akizungusha daftari. Alikuwa akisema tu, weka saini hapa, mwanangu.

"Nitasaini?" Fundi aliuliza.

"Usiniulize kama mtoto."

"Nakuuliza kama mke wangu. Zahanati ni yako."

"Naitaka zahanati," alisema Mama Pacha. "Na nyumba naitaka. Nataka vyote viwili, na sitaki mtu aniambie nichague, si wewe wala si huyo wa makaratasi." Alikaa kwenye ile ndoo. "Ukisaini, huyu mama tutaishi naye vipi? Nikikohoa ananisikia. Nikigeuka kitandani ananisikia. Tutahama wote, kila mmoja na njia yake, na mpaka nife nitajua niliyemuuza."

"Nisiposaini ofisi haitanipa tena kazi. Na mtaa utajua lilikaa hapa."

"Utajua."

"Watasema nilihongwa."

"Watasema. Mficha uchi hazai, Baba Pacha. Nenda ukaseme. Ila ukishasema usije ukaniambia ulifanya kwa ajili yangu, maana ndani ya moyo wangu kuna mahali panataka usaini." Akalia kidogo, kwa hasira, akajifuta kwa upindo wa kanga, akaenda kuanua nguo.

*

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti yake haipandi wala haishuki. Majirani waliketi safu ya nyuma na kitambaa chao wamekishika kwa mikono sita. HATUKUJULISHWA. Wajumbe wawili waliusifu mwandiko.

Bwana Ramani alionyesha picha ukutani kwa mashine. Bango, dirisha, pazia. "Kama kamati inavyoona, tangazo liliwekwa."

"Ni nyumba ya nani hiyo?" mwenyekiti aliuliza.

Mama Cherehani alikuwa ameshaliona pazia. Kitambaa cha pazia hilo yeye ndiye aliyemuuzia Mama Pacha. Aligeuka polepole akamtazama Fundi, na wengine wakageukia alikogeukia.

Fundi alisimama. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, yakamtoka yote, yakabaki yaliyo wazi. "Ni kwangu. Bango nililiandika mimi. Lilikaa mbele muda wa kupiga picha, halafu tukalirudisha uani, uso ukutani. Mpaka leo liko pale. Hakuna mtu wa safu yetu aliyelisoma."

Ukumbi ulilipuka. "Kikulacho ki nguoni mwako!" alipaza sauti Babu wa nyumba ya mwisho, akigonga fimbo sakafuni. Mama Cherehani aliachia kitambaa, upande wake ukalala chini. "Niliegemea!" alisema. "Mimi mwenyewe niliuegemea ule ubao, na wao wananitazama!"

Mwenyekiti aligonga meza. "Wewe fundi uliliandika bila kujua linasema nini?"

"Sikusoma, mheshimiwa. Kazi yetu hatusomi."

Wajumbe walicheka, na baadhi ya majirani pia, kicheko kile cha kumwona mtu mzima bila nguo. Fundi alisubiri kiishe. Alieleza habari ya kugeuza karatasi juu chini, na alivyokuwa akieleza ndivyo alivyozidi kusikika mjinga. Alitoa ile karatasi ya ofisini ambayo hakuisaini, akaiweka mezani. Bwana Ramani aliitazama sakafu. Hakubisha. Alisema tu, "Gari halikuwa na mafuta, mwenyekiti," na watu wengine wakacheka tena, ingawa lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosema siku ile.

Kamati ilitoka nje dakika ishirini. Iliporudi, mwenyekiti alivaa miwani akasoma. Bango lililogeukia ukuta si tangazo. Siku thelathini zitaanza upya kwa wakazi wa nyumba sita. Kazi za msingi wa zahanati kule uwanjani ziendelee wakati pingamizi zinasubiriwa. Safu ya nyuma ilipiga makofi kabla hajamaliza.

"Kuhusu nyumba namba nne," aliendelea, "mwenye nyumba amekiri mwenyewe mbele ya kamati kwamba tangazo lilikuwa mikononi mwake siku zote thelathini. Aliyeliandika kwa mkono wake hawezi kudai hakujulishwa. Kwake muda umekwisha."

"Lakini hakusoma!" alisema Mama Pacha. Alikuwa amesimama.

"Mama, sheria haiulizi kama mtu amesoma. Inauliza kama amepewa nafasi ya kusoma." Alivua miwani, na kwa kitambo kifupi alionekana mtu aliyechoka. "Namshukuru fundi kwa ukweli wake."

*

Siku thelathini za pili zilikuwa ndefu kuliko za kwanza. Bango jipya lilisimamishwa kwenye nguzo mbili, limeandikwa na fundi mwingine, na watu walilisoma kila siku kama gazeti. Bwana Ramani hakuja tena. Mteja wa shule aliyekuwa ameahidi kazi alisema atapita, hakupita. Mtaani Fundi aliposalimia alijibiwa, lakini jibu lilikuja limepoa.

Vikao vya pingamizi vilifanyika kwa Mama Cherehani, upande wa pili wa ukuta. Nyumba namba nne haikuitwa. Haikuwa lazima kuita, kwa kweli, kwa kuwa ukuta ule haukuficha kitu. Fundi na mkewe walikula kimya huku wakisikia jinsi wenzao wanavyobishana, nani aandike, maegesho yahamishiwe wapi. Walikuwa na mawazo mazuri. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na korongo la zamani lililofukiwa. Magari yanaweza kulala kule. Kilichobaki ni lango na barabara fupi, mita kumi tu.

Jioni ya mwisho walisoma barua kwa sauti, ili wote waisikie kabla ya kusaini. Msomaji alikuwa mkwe wa Babu wa nyumba ya mwisho, ana sauti ya kanisani.

"Sisi wakazi wa nyumba sita hatupingi zahanati," alisoma. "Tunaomba maegesho yahamishiwe upande wa korongo. Kuhusu lango, tunapendekeza lipitishwe kwenye kiwanja ambacho hakina pingamizi."

Fundi aliweka kijiko chini. Mama Pacha alikuwa bado anatafuna. Aliendelea kutafuna mpaka akili ikamfikia, akaacha.

"Kiwanja kisicho na pingamizi ni kipi?" aliuliza kwa sauti ndogo, ingawa alijua.

Mkewe alikohoa. Hakukusudia, chakula kilimpalia, akakohoa kwa nguvu mara tatu. Upande wa pili sauti ya kanisani ilikatika. Kila upande ulijua mwingine unasikiliza. Kisha mtu akavuta kiti, na usomaji ukaendelea, safari hii kwa kunong'ona.

"Nigonge?" Mama Pacha aliuliza. Kiganja kilikuwa kimeshafika ukutani.

"Waache wasaini," alisema Fundi. "Wana watoto."

"Na sisi?"

"Sisi tulikuwa na siku thelathini."

Mama Pacha aliondoa kiganja. Usiku ule alimchukia mumewe, akamwambia hivyo kwa maneno hayohayo, nakuchukia, naye akasema anajua. Walilala migongo imegeukiana. Asubuhi alimpa maji ya kuoga kama kawaida.

*

Ramani mpya ilipitishwa bila kelele. Nyumba sita zilibaki. Fidia ya nyumba namba nne ilitosha vyumba viwili upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyejua kama Fundi ana mwandiko mzuri au mbaya.

Siku ya kubomoa, wavunjaji walifika saa mbili. Vitu vilikuwa vimeshapakiwa kwenye gari dogo. Mama Pacha alisimama barabarani na kutazama wanavyopanda juu ya paa lake, akaona kwa mara ya kwanza, kupitia mlango wa mbele na wa nyuma iliyoachwa wazi, msingi wa zahanati ukiwa umeshainuka kufikia magoti. Aliufurahia. Furaha hiyo ilimuuma vibaya, na machozi yalimtoka mbele ya watu, hakuyafuta.

Mama Cherehani alitoka kwake. Alikwenda kwanza kwa msimamizi wa wavunjaji, akamwambia, "Taratibu ubavu huu, jamani, ukuta huu na mimi unanihusu." Alipogeuka akamkuta Mama Pacha yuko hatua mbili nyuma yake, amesikia. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni kama siku zote. Aliushika ncha zote mbili.

"Dada," alisema. "Mimi sikuandika ile sentensi."

"Ulisaini."

"Nilisaini. Tungefanyaje? Wangechukua saba."

"Najua."

"Sasa tungefanyaje, dada? Niambie."

Mama Pacha alifikiri kweli, kwa sababu swali lilikuwa la kweli. "Huenda msingefanya tofauti," alisema. "Lakini mngegonga ukuta. Tulikuwa tunakula. Mngegonga mkasema, jirani, tumefika hapa, tunakuuza. Ningelia, kisha nikasema, haya."

Mama Cherehani aliuvuta utepe kwa ncha zote mbili, akauachia.

"Mama!" msimamizi aliita kutoka kizingitini. "Hii milango mnaichukua au tuivunje?"

Fundi alikuwa akifunga kamba kwenye gari. Aliinua kichwa, lakini mkewe alishajibu.

"Tunaichukua. Yote miwili."

Wakaung'oa wa mbele kwanza, wa mbao ngumu, wakauegemeza. Mama Pacha aliushika upande mmoja, akauinua, ukamshinda. Mama Cherehani alisogea akashika upande wa pili bila kuombwa. Mama Pacha alimtazama kwa hasira iliyokuwa haijaisha, iliyokuwa haki yake, na ambayo pengine angehama nayo. Kisha akasema, "Inua."

Wakauinua. Mlango ulikuwa mzito, na walipumzika mara tatu kabla ya kufika kwenye gari.